Nani Anayepimwa, Mchoro au Msomaji? Historia ya Majaribio ya Usawiri wa Data na Mafunzo Yake kwa Upangaji wa Utafiti wa Utumikaji

Ikisiri

Dashibodi na zana nyingine za kusawiri data zimekuwa sehemu ya kazi ya kila siku katika ofisi za umma za Afrika Mashariki na Kati. Makala haya yanafuatilia historia ya majaribio yaliyofanywa ili kujua kama wasomaji wanaelewa michoro ya takwimu, kuanzia karne ya 18 hadi sasa, kwa lengo la kuwasaidia wanaopanga tafiti za utumikaji wa zana hizo katika eneo letu. Hoja kuu ni kwamba matokeo ya majaribio hayo yamefungamana daima na mambo matatu: nani aliulizwa, aliulizwa swali gani, na kwa chombo na lugha gani. Pale mambo hayo yalipopuuzwa, udhaifu wa mchoro ulihesabiwa kuwa udhaifu wa msomaji. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza mpangilio wa maamuzi ambayo mpango wa utafiti unapaswa kuyafanya kabla ya kumwita mshiriki wa kwanza.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia nchini kote mfumo wa DHIS2 kukusanya takwimu za vituo vya afya kwa njia ya mtandao. Mfumo huo, ambao chimbuko lake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, unatumika pia Uganda, Rwanda, Tanzania na katika nchi nyingine nyingi. Takwimu ambazo awali ziliishia kwenye daftari za karatasi, kama zile za MTUHA nchini Tanzania, sasa huonekana zikiwa chati, ramani na majedwali kwenye skrini ya mganga mkuu wa wilaya na ya mshauri wa sera wizarani.

Mabadiliko hayo yameleta swali jipya. Zamani swali lilikuwa kama takwimu zimefika. Leo zimefika, na swali ni kama anayezitazama anaona kilichomo. Muuguzi akiitazama ramani ya wilaya yenye rangi tano na kuhitimisha kwamba kata yake iko salama, ilhali sivyo, dawa na chanjo zitapelekwa kwingine. Kosa la namna hiyo haliachi alama kwenye kompyuta. Linaonekana miezi kadhaa baadaye, na mara nyingi maelezo yanayotolewa ni kwamba watumishi wa ngazi za chini hawajui kusoma chati.

Makala haya yanalichukulia maelezo hayo kuwa dhana inayopaswa kuchunguzwa kihistoria. Kwa utumikaji tunamaanisha kile kilichofafanuliwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kuhaririwa upya mwaka 2018: kiasi ambacho watumiaji mahususi wanaweza kutimiza malengo mahususi kwa usahihi, bila kupoteza nguvu na muda, na kwa kuridhika, katika muktadha mahususi wa matumizi. Neno mahususi linarudiwa katika fasili hiyo kwa sababu ya msingi. Zana haina utumikaji wake yenyewe. Inao kwa mtu fulani, anayefanya kazi fulani, mahali fulani. Historia inayofuata inaonyesha jinsi wanataaluma walivyochukua muda mrefu kulikubali jambo hilo.

2.0 Enzi ya Hoja bila Majaribio

Michoro ya takwimu tunayoitumia leo ilibuniwa kwa sehemu kubwa na Mskoti William Playfair. Katika kitabu chake cha mwaka 1786 kuhusu biashara ya Uingereza, alichora grafu za mistari za bidhaa zilizoingia na kutoka, pamoja na chati ya mihimili ya biashara ya Scotland. Mwaka 1801 akaongeza chati duara. Playfair aliitetea kazi yake kwa hoja: kwamba jicho hupima urefu na ukubwa kwa haraka kuliko akili inavyokumbuka safu za tarakimu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini hakuna msomaji aliyepewa chati na jedwali ili alinganishwe.

Hali iliendelea hivyo katika karne ya 19. Mwaka 1858 Florence Nightingale, akishirikiana na mtakwimu William Farr, alitumia michoro ya duara zilizogawanywa kuonyesha kwamba askari wengi wa Uingereza katika vita vya Crimea walikufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuilika, wala si kwa majeraha. Mwaka 1869 Mfaransa Charles Joseph Minard alichora mkanda unaopungua upana kuonyesha jinsi jeshi la Napoleon lilivyoangamia katika safari ya Urusi ya 1812. Wachoraji hawa waliwafahamu wasomaji wao kwa sura na cheo: wabunge, mawaziri, wahandisi, majenerali. Mchoraji na msomaji walitoka katika tabaka moja na shule zinazofanana. Haja ya kuwapima wasomaji haikujitokeza kwa kuwa umbali kati ya pande hizo mbili ulikuwa mdogo.

3.0 Mabishano ya Duara na Mihimili

Majaribio ya kwanza yaliyopata sifa yalifanyika Marekani katika miaka ya 1920, wakati chati zilipoanza kuenea magazetini, shuleni na katika makampuni. Mwaka 1926 Walter Crosby Eells alichapisha katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wa chuo. Waandishi wa vitabu wa wakati huo waliilaani chati duara kuwa inapotosha. Eells aliwapa wanafunzi duara na mihimili iliyogawanywa, akawataka wakadirie sehemu. Wanafunzi walikadiria vyema zaidi kwa duara.

Majibu hayakuchelewa. Mwaka 1927, katika jarida hilohilo, Frederick Croxton na Roy Stryker waliripoti jaribio lao wenyewe, nao walipata picha yenye sura mbili: duara ilikuwa na nguvu pale sehemu zilipokuwa nusu kwa nusu au robo kwa robo tatu, lakini faida hiyo haikuendelea kwa migawanyo yote. Mwaka 1932 Croxton, safari hii akiwa na Harold Stein, alionyesha kwamba watu hulinganisha kiasi kwa usahihi zaidi kwa mihimili kuliko kwa miraba au duara za ukubwa tofauti, na kwamba michemraba iliwapotosha kuliko vyote.

Matokeo haya yanaonekana kupingana, lakini hayapingani. Eells aliuliza sehemu ni kiasi gani cha jumla. Croxton na Stein waliuliza kitu kimoja ni kikubwa mara ngapi kuliko kingine. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina mchoro unaolifaa. Mtafiti wa elimu John Washburne aliliona jambo hilo mwaka 1927, alipowapa wanafunzi wa shule habari za uchumi wa mji wa Florence kwa maandishi, majedwali na aina mbalimbali za grafu. Alikuta kwamba hakuna umbo lililoshinda katika kila swali. Aliyetakiwa kukumbuka mwelekeo wa jambo alisaidiwa na umbo moja. Aliyetakiwa kukumbuka kiasi mahususi alisaidiwa na jingine.

Kwa mpangaji wa utafiti wa leo, funzo la kwanza liko hapo. Swali linalouliza kama dashibodi ni nzuri halina jibu. Swali linalouliza kama ofisa wa chanjo anaweza, kwa dashibodi hii, kutambua vituo vitatu vilivyobaki nyuma mwezi huu lina jibu, na jibu hilo linaweza kupimwa.

4.0 Kutoka Vienna hadi Ibadan

Wakati Wamarekani wakipima makadirio ya wanafunzi, mjini Vienna kulikuwa na kazi ya namna nyingine. Mwaka 1925 Otto Neurath alianzisha jumba la makumbusho ya jamii na uchumi, ambalo wageni wake wa kwanza kufikiriwa walikuwa wafanyakazi wa kawaida wa mji huo. Takwimu kwa picha, jinsi zinavyofundishwa leo katika shule zetu za msingi, zina deni kwa jumba hilo. Kanuni yake kuu ilikuwa kwamba kiasi kikubwa kionyeshwe kwa alama nyingi zaidi za ukubwa uleule, wala si kwa alama moja iliyotanuliwa. Matokeo ya Croxton na Stein kuhusu miraba na michemraba yanaeleza kwa nini kanuni hiyo ilikuwa sahihi.

Jambo lenye uzito kwetu zaidi ni mgawanyo wa kazi katika jumba hilo. Kati ya mtakwimu aliyeleta tarakimu na mchoraji Gerd Arntz aliyechora alama, alisimama mtu wa tatu, Marie Reidemeister, ambaye kazi yake ilikuwa kuamua ni nini hasa umma unapaswa kukiona katika tarakimu hizo na kupanga mchoro kwa ajili hiyo. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita mfasiri wa takwimu. Alikuwa wakili wa msomaji ndani ya karakana.

Siasa za Ulaya zililifunga jumba hilo mwaka 1934, na kundi likahamia Uholanzi na baadaye Uingereza. Neurath alifariki mwaka 1945. Mjane wake, ambaye ni Marie Reidemeister huyohuyo, aliendeleza kazi iliyojulikana kwa jina la Isotype, na katika miaka ya 1950 alialikwa na serikali ya Jimbo la Magharibi la Nigeria kutengeneza vijitabu na mabango ya kueleza mipango ya elimu, afya na kilimo. Alama zilizofaa Vienna hazikupelekwa hivyo zilivyo. Marie Neurath alisafiri hadi Ibadan, akatazama mazingira na kusikiliza maoni, na alama za watu, mavazi na nyumba zikarekebishwa. Lugha ya picha iliyodhaniwa kuwa ya ulimwengu mzima ilihitaji kufasiriwa kama lugha nyingine yoyote. Waliofanya kazi hiyo walilitambua hilo kwa sababu walikwenda kumwona msomaji kabla ya kuchapa.

5.0 Kipimo Kinapomgeukia Msomaji

Historia ya kupima picha katika bara letu ina upande mwingine usiofurahisha. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulifanyika mradi wa filamu za elimu ulioongozwa na Leslie Notcutt na Geoffrey Latham kwa fedha za shirika la Carnegie. Filamu zake zilionyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na maeneo ya kusini zaidi, na mapokezi ya watazamaji yakaandikwa. Ulikuwa miongoni mwa majaribio ya mapema ya kuchunguza kwa utaratibu jinsi watazamaji wa Afrika Mashariki wanavyopokea picha. Hata hivyo, ripoti yake ya mwaka 1937 inalitazama suala zima kama swali kuhusu Mwafrika na uwezo wake mbele ya sinema.

Mtazamo huo ulipata sura ya kisayansi mwaka 1960 kupitia William Hudson, mwanasaikolojia wa Afrika Kusini. Hudson alionyesha michoro ya mistari yenye mwindaji, swala na tembo mdogo aliyekusudiwa kuonekana yuko mbali, kisha akauliza ni mnyama yupi aliye karibu na mwindaji. Waliotaja tembo walihesabiwa kuwa hawaoni kina katika picha. Kwa kuwa wengi wao walikuwa wafanyakazi Waafrika na watu wasiosoma shule, matokeo hayo yalinukuliwa kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba kundi zima la watu lina upungufu wa kuelewa picha, na yaliathiri ushauri uliotolewa kwa watengenezaji wa mabango ya afya na kilimo.

Uchunguzi uliofuata uliigeuza hoja. Mwaka 1972 Jan Deręgowski na wenzake walipeleka picha kwa Wamekan wa Ethiopia, jamii ambayo karatasi yenyewe ilikuwa ngeni kwao. Picha za wanyama zilipochorwa kubwa juu ya kitambaa, walio wengi waliwatambua wanyama hao. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha ulinganisho wa watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Aliwataka wanakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huutumia kutengeneza magari ya kuchezea, watoto wa Lusaka waliwashinda. Kwa udongo wa kufinyanga, makundi yote mawili yalilingana.

Uzito wa matokeo ya Serpell ni huu: laiti angetumia penseli peke yake, angeandika kwamba watoto wa Zambia wana upungufu, laiti angetumia waya peke yake, angeandika hivyo kuhusu watoto wa Uingereza. Hitimisho lote lingekuwa limeamuliwa siku ya kuchagua vifaa, kabla mtoto yeyote hajaingia chumbani. Anayepanga kupima dashibodi kwa kompyuta ya mezani yenye kipanya, ilhali washiriki wake husoma takwimu kwenye simu au kwenye karatasi iliyochapwa bila rangi, yuko katika nafasi ileile.

6.0 Maabara, Ofisi na Idadi ya Washiriki

Uchunguzi wa kisasa wa usawiri wa data una mizizi miwili. Wa kwanza ni wa watakwimu. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill, waliokuwa Bell Labs nchini Marekani, walipanga kwa majaribio uwezo wa jicho: watu hulinganisha vyema zaidi nafasi kwenye kipimo kimoja, kisha urefu, kisha pembe, kisha eneo, na kadhalika hadi kwenye ukolevu wa rangi. Mwaka 2010 Jeffrey Heer na Michael Bostock walirudia majaribio hayo kwa washiriki wa mtandaoni na kupata mpangilio unaofanana. Ni matokeo imara kuhusu jicho, ingawa hayasemi lolote kuhusu kazi ya ofisi. Catherine Plaisant aliandika mwaka 2004 kwamba tathmini za zana hizi zilitegemea mno kazi ndogondogo za maabara, na mwaka 2006 yeye na Ben Shneiderman walipendekeza kuwafuata wataalamu kwa muda mrefu wakiwa katika kazi zao halisi.

Mzizi wa pili ni wa wahandisi wa programu. Mwaka 1982 Clayton Lewis wa IBM aliueleza utaratibu wa kuwaza kwa sauti, ambapo mshiriki hutamka anachofikiri huku akitumia zana. Mwaka 1986 John Brooke alitunga hojaji ya sentensi kumi ya kupima mtazamo wa mtumiaji, SUS, ambayo sasa inatumika duniani kote. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichapisha kanuni ya hesabu ambayo ndiyo chimbuko la usemi kwamba washiriki watano wanatosha.

Kanuni hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa hutajwa katika maombi mengi ya fedha. Inachukulia kwamba kila mshiriki hukutana na kila tatizo kwa uwezekano fulani. Uwezekano huo ukiwa asilimia 31, wastani uliopatikana katika miradi waliyoichunguza, washiriki watano watafichua takriban asilimia 84 ya matatizo. Ukiwa asilimia 10, washiriki haohao watano watafichua takriban asilimia 41 tu. Mwaka 2003 Laura Faulkner aliwapima watu 60, kisha akachota makundi ya watano bila mpangilio. Makundi mengine yalifichua asilimia 99 ya matatizo. Mengine asilimia 55. Kwa hiyo watano ni idadi inayofaa kwa duru moja ya marekebisho, kwa kundi moja la watumiaji wanaofanana. Wauguzi wa zahanati, maofisa wa wilaya na washauri wa wizara ni makundi matatu.

Lugha nayo ilionekana mapema kuwa sehemu ya kipimo. Mwaka 2006 Kraig Finstad alionyesha kwamba neno moja tu la Kiingereza katika hojaji ya Brooke, lenye maana ya kitu kizito kukitumia, liliwatatiza watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Alama walizotoa zilibeba utata wa neno pamoja na utata wa zana.

7.0 Maamuzi ya Mpango wa Utafiti

Tukichukua mfano wa dashibodi ya chanjo inayokusudiwa kutumiwa katika wilaya za nchi mbili jirani, historia hii inaelekeza maamuzi sita.

Uamuzi wa kwanza ni kutaja hatua ambayo mchoro unapaswa kuisaidia. Chukua hali inayofahamika katika takwimu za chanjo: kituo kinaonyesha kwamba kimewachanja watoto kwa asilimia 104. Tarakimu hiyo hutokea, kwa mfano, pale makadirio ya idadi ya watoto yanapokuwa chini ya hali halisi, au pale watoto wa eneo jirani wanapohudumiwa kituoni. Mchoro unaokata mhimili kwenye 100 unaficha dalili hiyo. Kazi ya kumpa mshiriki basi haipaswi kuwa kusoma tarakimu. Aulizwe angechukua hatua gani Jumatatu asubuhi akiiona chati hii, na kwa nini.

Uamuzi wa pili ni kuyatenganisha makundi ya washiriki kwa kazi wanayofanya, na kuhesabu idadi ya kila kundi peke yake. Ni afadhali duru tatu za watano watano, zana ikirekebishwa kila baada ya duru, kuliko duru moja ya 15 ambayo matokeo yake yanafika baada ya mkataba wa mtengenezaji kwisha.

Uamuzi wa tatu unahusu chombo na mahali. Zana ipimwe kwenye kifaa ambacho mshiriki hukitumia, kwa kasi ya mtandao aliyoizoea, na ikiwa chati huchapwa kwa ajili ya mikutano, karatasi iliyochapwa ipimwe pia.

Uamuzi wa nne ni wa lugha. Istilahi za takwimu katika Kiswahili bado zinagongana. Neno kiwango hubeba maana ya kima, ya ubora unaotakiwa, na ya uwiano wa matukio kwa idadi ya watu. Kichwa cha chati kinachosema kiwango cha chanjo kinaweza kusomwa kwa namna tatu. Neno mfumo katika hojaji linaweza kumfanya mshiriki afikirie programu, au afikirie mlolongo mzima wa taarifa pamoja na msimamizi wake. Ukivuka mpaka, tatizo linaongezeka: mtumishi wa Bukavu aliyezoea istilahi za ofisi za Kifaransa na mwenzake wa Kigoma aliyezoea za Kiswahili sanifu hawatasoma lebo moja kwa namna moja. Hojaji na lebo zitafsiriwe, zirejeshwe katika lugha ya awali na mtafsiri mwingine, kisha zijaribiwe kwa watu wachache ambao wataeleza kwa maneno yao walichoelewa.

Uamuzi wa tano unahusu adabu na mamlaka. Mshiriki aliyeletwa na mkuu wake atasita kumwambia mgeni kwamba kitu alichokileta hakieleweki. Kumtaka awaze kwa sauti huku msimamizi ameketi pembeni ni kumtaka afanye jambo ambalo pengine hajawahi kulifanya kazini. Njia moja ya kulipunguza tatizo hili imetokana na kazi ya mtafiti wa Kijapani Naomi Miyake, aliyeonyesha mwaka 1986 jinsi mazungumzo ya watu wawili wanaotafuta kuelewa kitu pamoja yanavyofichua mawazo yao. Wenzi wawili wa kazi wakipewa chati moja watabishana kwa lugha yao ya kawaida, na mtafiti atasikia anachohitaji. Njia nyingine ni kuwapa miundo miwili na kuuliza upi unafaa zaidi, kwa kuwa kuchagua ni kwepesi kuliko kukosoa.

Uamuzi wa sita ni wa namna ya kuandika matokeo. Pamoja na usahihi na muda, mshiriki aulizwe ana uhakika kiasi gani na jibu lake. Anayekosea huku akisitasita ataomba msaada. Anayekosea kwa uhakika ataagiza dawa. Kosa la aina ya pili ndilo ghali, na ripoti inayotaja wastani wa usahihi peke yake hulificha. Aidha, mpango uamue mapema ni matokeo gani yatalazimisha muundo ubadilishwe. Bila uamuzi huo, kila tatizo litakalojitokeza litapelekwa kwenye mafunzo kwa watumishi.

Tahadhari hizi hazitokani na hali ya Afrika pekee. Mwaka 2019 Evan Peck na wenzake waliripoti mahojiano na watu 42 katika eneo la vijijini la Pennsylvania, Marekani, waliotakiwa kupanga michoro ya takwimu kwa manufaa. Uhusiano wa mtu na mada, na mahali anapotoka, viliathiri sana uchaguzi wake. Wasomaji waliosahauliwa na maabara wako kila nchi.

8.0 Hitimisho

Kuanzia Playfair hadi dashibodi za leo, ugumu umekuwa uleule: umbali kati ya anayechora na anayesoma. Umbali huo ulipokuwa mdogo, hoja zilitosha. Ulipokua, majaribio yakahitajika, na majaribio hayo yakatoa majibu yaliyotegemea washiriki, maswali na vifaa vilivyochaguliwa. Vienna na Ibadan waliwekeza kwa mtu wa kusimama upande wa msomaji. Majaribio ya Hudson yalimhukumu msomaji kwa mchoro usiomfaa, na ilichukua takriban miaka 20 ya utafiti kuirekebisha hukumu hiyo.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017 na lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2021. Kadiri zana za data za Jumuiya zinavyoandaliwa kwa lugha hii, ndivyo tafiti za utumikaji zitakavyoamua ni nani anayehesabiwa kuwa anajua kusoma takwimu. Washauri wa sera wanaopokea ripoti zinazosema kwamba watumiaji wanahitaji mafunzo zaidi wana haki ya kuuliza kwanza mchoro ulipimwa kwa nani, kwa kazi gani, kwa kifaa gani na kwa maneno gani. Ripoti isiyoweza kujibu maswali hayo manne haijathibitisha kwamba tatizo liko kwa msomaji, na bajeti ya mafunzo isijengwe juu yake.